Arifa ya Bei

Arifa ya bei ni ujumbe ambao programu humpelekea mfanyabiashara pindi bei ya hisa, sarafu au bidhaa inapofika pale alipopataja mapema. Huja kama meseji, barua pepe au maandishi yanayotokeza kwenye skrini ya simu.

Wapo wanaoiita tahadhari ya bei. Tahadhari hubeba hatari ndani yake, ilhali anayesubiri hisa zishuke ili anunue anasubiri nafasi. Wengine husema kengele ya bei. Hilo linaeleweka, ila hutaja mlio tu, na arifa nyingi huja kimyakimya. Arifa, neno lenye asili moja na taarifa na maarifa, halidai zaidi ya hili: mtu amejulishwa. La mgambo likilia kuna jambo, lakini kulikabili jambo lenyewe ni kazi ya aliyelisikia.

Utendaji wake ni wa kulinganisha. Soko likiwa wazi, bei mpya humiminika kwenye seva, na kila moja hupimwa kwa masharti yaliyowekwa na wateja. Sharti likitimia, ujumbe unatoka. Ugumu umo katika kulitunga sharti. Aliyewahi kusimama kwenye duka la kubadilishia fedha anajua kwamba bei ni mbili, ya kununulia na ya kuuzia. Soko likipanda, ile ya juu hufika kwanza kwenye kiwango kilichowekwa. Likishuka, ya chini hutangulia. Kwa hiyo watu wawili walioandika tarakimu ileile wanaweza kuarifiwa kwa nyakati tofauti. Vilevile "bei ikivuka 100" si sawa na "bei ikiwa juu ya 100": la kwanza hutimia mara moja bei inapopita, la pili huendelea kuwa kweli kwa kila bei inayofuata. Ndiyo sababu programu nyingi huizima arifa baada ya kuituma mara moja, isije ikamchosha mtu kwa bei inayochezacheza palepale.

La kuuliza pia ni sharti linakaa wapi. Katika MetaTrader 4, programu ya kufanyia biashara sokoni, arifa iliyowekwa kwenye kompyuta hufanya kazi programu ikiwa imewashwa tu. Kompyuta ikizimwa, nayo inanyamaza. Agizo la kuzuia hasara, linalofunga biashara lenyewe bei ikifika kiwango kilichowekwa, hukaa kwenye seva ya dalali na husubiri huko hata mwenyewe akiwa amelala.

Hapo ndipo arifa na agizo vinapoachana. Arifa hupeleka habari. Agizo hununua au kuuza. Lakini vyote viwili havihakikishi bei. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilizuia euro isishuke chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 Januari 2015 ilikiondoa kizuizi hicho bila kutangaza mapema, na ndani ya dakika chache euro ikaanguka chini ya faranga moja. Aliyekuwa na arifa kwenye 1.19 angeweza kuipata ilhali bei hiyo haipo tena sokoni. Hata maagizo ya kuzuia hasara mengi yalitekelezwa mbali sana na viwango vyake, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wametoweka. Hasara za wateja ziliwalemea hata madalali wao. Alpari ya Uingereza ilifilisika siku chache baadaye.

Kwa hiyo mtunzi wa programu asiandike "tahadhari" hapa, "arifa" pale, kisha "agizo la arifa" kwingine. Kitufe cha arifa kimwambie mtumiaji kwamba fedha zake hazitaguswa mpaka aamue mwenyewe; cha agizo kimwambie kwamba uamuzi ameshautoa, na kwamba bei atakayoipata inaweza isiwe ile aliyoiandika.