Mbegu ndani ya mtumbwi: watu wa Pasifiki na kisomo chao kisichoandikwa

Leo ninawapeleka mbali kidogo na maziwa yetu. Tunaenda ku Pasifiki, bahari kubwa kuliko zote, kwenye visiwa vidogo vilivyotawanyika kati ya Asia na Amerika. Mtauliza: agronomu anatafuta nini kule baharini? Ninatafuta mbegu. Kwangu mimi, historia ya hawa watu inaanza na swali la kilimo: mshelisheli ulifika Hawaii namna gani?

Mshelisheli ni ule mti ambao Wafaransa wanauita mti wa mkate. Tunda lake ni kubwa, linachomwa ama linachemshwa, na linashibisha sawa na muhogo. Sasa angalia: aina nyingi za mishelisheli ya Polinesia hazina mbegu ndani ya tunda. Mti mpya unatoka ku chipukizi la mzizi, basi. Mgomba vilevile, majimbi vilevile (ile kolokasi), muwa vilevile. Tunda likianguka baharini linaoza tu, na hakuna ndege wa kubeba chipukizi mdomoni akavuka nalo maji ya chumvi.

Lakini James Cook alipofika Hawaii mwaka 1778, alikuta watu wenye kulima vizuri kabisa: mashamba ya majimbi yenye kunyweshwa maji ya mifereji, migomba, miwa, viazi vitamu, mishelisheli. Na toka Tahiti mpaka Hawaii ni zaidi ya kilomita 4 000 za maji matupu. Hukuti mji hata mmoja njiani wa kununua mkate. Basi ni lazima kuna mtu alizibeba hizi mbegu kwa mkono, zikiwa hai, akijua anaenda kulima.

Wazungu walichelewa kukubali jambo hili. Cook mwenyewe alikuwa na ushuhuda ndani ya meli yake. Mwaka 1769, kuhani mmoja wa kisiwa cha Ra'iatea, jina lake Tupaia, alipanda naye. Huyu mtu hakujua kusoma, lakini alisaidia kutengeneza ramani yenye visiwa zaidi ya 70, vingine mbali sana na kwao. Alikufa Batavia mwaka 1770, na sehemu kubwa ya kisomo chake akaenda nayo. Karibu miaka 200 nyuma yake, mwaka 1956, mwanahistoria Andrew Sharp wa New Zealand akaandika kwamba watu wa Polinesia walifika kwenye visiwa vya mbali kwa bahati tu: upepo uliwapeleka, wakapotea, wakajikuta wamefika. Mbele yake, mwaka 1947, Thor Heyerdahl alikuwa ametoka Peru juu ya chelezo la magogo, siku 101, akitaka kuonyesha kwamba wakaaji wa visiwa walitoka Amerika wakisukumwa na maji.

Hizi hoja mbili zina mzizi mmoja. Mtu asiye na karatasi, asiye na dira, asiye na universite, hawezi kuwa alijua anaenda wapi. Wenzangu, hii sauti hatuijui kweli?

Jibu lilikuja kwa njia mbili. Mwaka 1973 watafiti watatu walitumia kompyuta kuigiza maelfu ya mitumbwi inayochukuliwa na upepo na mikondo ya maji. Hata mmoja haukufika Hawaii toka visiwa vya kusini. Mwaka huohuo, kule Hawaii, watu walianzisha shirika la Polynesian Voyaging Society. Kati yao walikuwa mwanaantropolojia Ben Finney na mchoraji Herb Kane. Wakasema: tutengeneze mtumbwi wa zamani, tuende Tahiti bila chombo chochote cha kizungu, tuone.

Mtumbwi uliitwa Hōkūleʻa. Ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, juu yake sakafu, urefu karibu mita 19, na tanga mbili. (Tanga hapa ni kile kitambaa cha kushika upepo, msifikiri matanga ya msiba.) Hakuna motere. Tatizo lilikuwa moja: Hawaii nzima hakukuwa tena mtu mwenye kujua kuongoza kwa nyota. Ilibidi wamtafute mbali, Mikronesia, ku kisiwa cha Satawal, chenye ukubwa wa kilomita ya mraba moja na kitu. Ndipo alikaa Mau Piailug, aliyezaliwa mwaka 1932. Babu yake alianza kumfundisha akiwa mtoto mdogo kabisa, akimuweka ndani ya vidimbwi vya bahari ili mwili wake uzoee namna maji yanavyosukuma.

Tarehe 1 Mei 1976 wakatoka Maui. Tufikirie yale maisha kidogo. Watu zaidi ya kumi, mwezi mzima, juu ya sakafu isiyozidi uwanja wa nyumba ndogo. Unalala ndani ya tumbo la mtumbwi, chini ya turubai, maji yanaingia. Chakula ni samaki wakavu, viazi, majimbi, ndizi zilizokaushwa, nazi. Maji ya kunywa yanapimwa. Na walibeba wageni wengine: nguruwe, mbwa, kuku, pamoja na vipande vya mimea ya kupanda, vilivyofungwa ndani ya vitu vyenye unyevu na kufunikwa ili chumvi isivipate.

Mwenye kufanya kilimo ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Kijiti cha muhogo ukikiacha juani siku chache tu, kinaanza kukauka. Chipukizi la mgomba likikaa ndani ya maji mengi linaoza. Sasa wewe uko baharini, wiki ya nne, kiu inakukamata, na kuna mche unaotakiwa unyevu. Nani anakunywa? Kwa wale wa zamani lile halikuwa jaribio la wasomi. Mimea ikifa njiani, watu wanafika ku kisiwa chenye ndege na samaki tu, bila shamba la kesho.

Na msifikiri kwamba ndani ya Hōkūleʻa kulikuwa amani siku zote. Upepo ulikosekana karibu na ikweta, siku zikapita. Watu wakaanza kununiana, wakagawanyika, na mbele ya kufika wengine walipigana ngumi. Mau alilala kidogo sana. Usiku alifuata nyota zinapotokea na zinapozama. Mchana alitumia jua na mawimbi, na mawingu yakifunika nyota alisikiliza mwendo wa maji chini ya mtumbwi. Karibu na nchi kavu kuna ndege wanaoenda kuvua asubuhi na kurudi kulala ku kisiwa jioni. Ukiona anaporudi, umejua njia. Kulikuwa bwato lenye kuwafuata nyuma kwa usalama, lakini halikuwaambia njia. Tarehe 4 Juni wakaingia Papeete, na maelfu ya watu walikuwa wanawangoja. Watoto walipanda juu ya mtumbwi kwa wingi mpaka nyuma ikaanza kuzama.

Andrew Sharp alikuwa amejibiwa. Lakini Mau alikasirishwa na ule ugomvi, akarudi kwao, na Hōkūleʻa ikarudi Hawaii kwa vyombo vya kisasa.

Tupige mfano mwingine, tupime vizuri. Mwaka 1787 serikali ya Uingereza ilituma meli Bounty, chini ya William Bligh, ichukue miche ya mishelisheli Tahiti. Waligeuza chumba kikubwa cha meli kuwa shamba la vyungu, wakaweka mtaalamu wa mimea, wakapakia miche zaidi ya 1 000. Tarehe 28 Aprili 1789 mabaharia waliasi na miche ikatupwa baharini. Ilibidi safari ya pili, mpaka mwaka 1793, ndipo mishelisheli ikafika Saint Vincent na Jamaica. Ilikuwa ya nani? Ya kulisha watumwa kwa bei ndogo. Wale watumwa walitoka Afrika, wengine ku pwani ya Kongo. Mche uleule ambao mkulima wa Polinesia alibeba kwa kuwapatia watoto wake maisha, ulibebwa na tajiri kwa kupunguza gharama ya mtu aliyenunuliwa. Tukisoma historia ya mmea, tuulize kila mara: nani aliubeba, na kwa faida ya nani?

Na sisi tuko ndani ya historia hii. Mgomba asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na Guinea Mpya, majimbi pia yalitoka Asia. Lini hasa vilifika Afrika, na kwa njia gani, wataalamu bado wanabishana. Lakini tunajua kwamba Kimalagasi ni ndugu ya lugha za Borneo, na kwamba ngalawa ya pwani ya Afrika Mashariki ina mbao za pembeni kama mitumbwi ya kule. Ndizi tunayokula Kivu ilipita mikononi mwa watu wasiojulikana jina, na karibu kila mmoja alibeba chipukizi hai.

Sasa nifike ku jambo linaloniuma. Mau alirudi Hawaii mwaka 1979. Mwaka mmoja mbele, Hōkūleʻa ilikuwa imepinduka baharini, na kijana Eddie Aikau alipotea akienda kutafuta msaada. Nainoa Thompson alimwomba Mau amfundishe, na yeye akakubali. Kwa desturi, ile elimu ilikuwa ya ukoo, haigawiwi mgeni. Lakini Mau aliona vijana wa kwao wanavutwa na masomo ya kisasa, hawaji tena kukaa karibu na wazee. Akachagua: heri ijulikane na wageni kuliko ife nyumbani. Mwaka 1980 Nainoa aliongoza mtumbwi mpaka Tahiti na kurudi. Mwaka 2007, kule Satawal, Mau aliwapatia Wahawaii watano cheo cha mabingwa wa bahari. Akafa 2010. Miaka mitano nyuma, Hōkūleʻa ilifika Cape Town, ikizunguka dunia.

Kwetu tulirithi INEAC, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, na vitabu vyake vya Yangambi. Ni kazi kubwa, siidharau, nimeisoma. Lakini mama wa shamba anatofautisha migomba yake kwa kuangalia shina na jani, anajua ipi ni ya pombe, ipi inavumilia jua, ipi inapewa mgonjwa. Toka ugonjwa wa kunyauka migomba uonekane Masisi mwaka 2001, mashamba mengi yameng'olewa. Aina ikipotea, jina lake linapotea nayo, na maneno yote aliyokuwa akiyasema huyu mama juu yake.

Wengi wetu tuko na licence, tunangoja kazi, na tunaona aibu kidogo ya jembe la baba. Mimi ninapendekeza kitu kidogo, hakiombi bajeti. Ukienda kijijini, chukua daftari na telefone. Omba mzee mmoja akutajie aina zote za ndizi, maharagwe ama viazi alizowahi kulima, na zile ambazo haoni tena. Andika jina kwa lugha yake, andika alipewa na nani. Kisha omba chipukizi moja, ulipande. Andiko bila mche ni kumbukumbu ya maiti.