Deni la Askari: Kumtafuta Babu Katika Majalada ya Vita

Mwaka 1929 kijana mmoja wa Dar es Salaam, mtumishi wa melini, alifika Berlin na kwenda kudai mshahara Wizara ya Mambo ya Nje. Alidai wake na wa baba yake. Wote wawili walikuwa wamelitumikia jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki: baba, Msudani, alifikia cheo cha effendi, mtoto aliingizwa jeshini Vita ya Kwanza ilipoanza, akiwa na miaka kumi tu, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara. Wizara ilimjibu kwamba amechelewa.

Pesa hakupata, lakini dai lake liliandikwa na kuwekwa kwenye jalada. Leo tunamfahamu Bayume Mohamed Hussein kuliko maelfu ya wenzake kwa sababu hakuacha kuiandikia serikali iliyomkana. Alibaki Berlin, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu, ikiwemo ile ya mwaka 1941 kuhusu Carl Peters. Mwaka huohuo wa 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, ukampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliyaunganisha maisha hayo katika kitabu kilichotoka 2007, na mwaka huo kijiwe cha shaba kikawekwa mbele ya nyumba aliyowahi kuishi, Brunnenstraße. Jina lililochongwa hapo ni Mahjub bin Adam Mohamed, alilopewa na wazazi wake. Anayemtafuta kwa jina moja tu atapata nusu ya habari zake.

Kisa hicho kinamwonyesha njia kila anayetaka kujua babu yake alipigana wapi. Dola ya kikoloni haikumwandika askari kwa mapenzi. Ilimwandika pale ilipomdai au alipoidai: alipopokea mshahara, alipokatwa kodi, alipoomba pensheni, alipotoroka, alipofungwa. Mtu aliyetumika vizuri, akalipwa chake akarudi kijijini kimya, ndiye mgumu kuliko wote kumpata.

Kwa jeshi la Wajerumani ugumu huo ni mara mbili. Jeshi lenyewe lilianza 1889, Hermann Wissmann alipoajiri Wasudani kutoka Misri na watu wa kusini mwa Msumbiji, walioitwa Wazulu, kwenda kupigana na Abushiri bin Salim pwani. Mwaka 1914 lilikuwa na kombania 14 na askari wapatao 2,500. Vita vilipopamba moto idadi hiyo iliongezeka mara kadhaa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, aliposalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari waliobaki naye walikuwa 1,168. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kijeshi za Ujerumani iliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945. Zilizosalia ni hasa majalada ya wizara ya makoloni, yaliyo Berlin, na nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizobaki Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni hazina, ila imeandikwa Kijerumani, na mara nyingi kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo hujifunza upya kuusoma.

Charles Miller, katika kitabu chake cha 1974 juu ya vita hivyo, anasimulia kwamba mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 walijitokeza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa 1918. Waliobaki, kwa masimulizi hayo, kila mmoja alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Hakushindwa hata mmoja. Kisa ni kitamu mno, na msomaji ana haki ya kutia shaka kidogo. Kinachoaminika bila taabu ni lile tatizo lenyewe: karatasi ilikaa miaka 46 katika nyumba za makuti, pamoja na mchwa na mvua, na mwenye nayo hakujua kama ingekuja kuwa na thamani.

Mara nyingine jalada bora liko nyumbani, na mfano mkubwa kwa Tanzania ni ukoo wa Sykes. Kwa mujibu wa kumbukumbu za ukoo huo, Sykes Mbuwane alitoka upande wa Inhambane, Msumbiji, akaja na askari wa Wissmann. Alipigana katika vita vya pwani, kisha dhidi ya Mkwawa, na akafa maji katika Mto Ruaha. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, akalelewa na Effendi Plantan, mkubwa wa Wazulu wale jeshini. Naye Kleist akawa askari, akapigana chini ya Lettow-Vorbeck. Baada ya vita alifanya kazi reli, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam, akiwa katibu wake.

Kleist alifanya jambo ambalo askari wachache wa kizazi chake walilifanya: aliandika habari zake mwenyewe. Alifariki 1949 akaziacha. Mjukuu wake Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, alizitumia kuandika sura juu ya babu yake katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe na kutoka mwaka 1973. Baadaye Mohamed Said akaendeleza habari hizo katika kitabu chake cha 1998 kuhusu Abdulwahid. Ndiyo maana leo mtu anaweza kufuata vizazi vitatu vya askari katika nyumba moja: babu katika jeshi la Wissmann, baba katika jeshi la Lettow-Vorbeck, na wana wawili, Abdulwahid na Ally, katika King's African Rifles huko Burma. TANU ilipoanza 1954, kadi namba 2 ilikuwa ya Ally na namba 3 ya Abdulwahid. Namba 1 ilikuwa ya Julius Nyerere.

Sasa tazama majina. Mtu mmoja anaweza kuwa Kleist Plantan kwa jina la mlezi, Kleist Sykes kwa jina la baba, na Abdallah kwa jina la dini. Karani wa kikoloni aliandika alichokisikia, tena kwa tahajia ya lugha yake: Kijerumani hapa, Kiingereza pale. Askari wengine walijiandikisha kwa majina ya kubuni ili wasifuatwe na deni au na mzee wa nyumbani. Kwa hiyo mtafiti mzoefu hutangulia kwa bibi na shangazi, akakusanya kila jina alilowahi kuitwa mzee, la utotoni, la jando, la ubatizo au la kusilimu, na lile la utani alilorudi nalo kutoka kambini, kabla hajagusa karatasi yoyote.

Upande wa Waingereza karatasi ni nyingi zaidi, ila haziko mahali pamoja. King's African Rifles, au KAR, iliundwa tarehe 1 Januari 1902, na namba ya kikosi ni dira ya kwanza: cha 1 na cha 2 vilikuwa vya Nyasaland, cha 3 cha Kenya, cha 4 cha Uganda. Cha 6 kilifufuliwa mwaka 1917 kwa kuajiri waliokuwa askari wa Wajerumani na kutekwa. Ukikuta babu yako katika kikosi cha 6 mwishoni mwa Vita ya Kwanza, fahamu kwamba huenda alipigana pande zote mbili, na jina lake lipo, kama lipo, katika kumbukumbu za dola mbili.

Shajara za vita za vikosi hivyo zimehifadhiwa Kew, London. Zinataja siku kwa siku kikosi kilikuwa wapi na kilipigana na nani, lakini askari Mwafrika humo mara nyingi ni idadi tu: kumi wameuawa, ishirini wamejeruhiwa, na ofisa wao Mzungu ndiye mwenye jina. Medali ina ukarimu zaidi. Zile za Vita ya Kwanza zilichongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi, kwa herufi ndogo ambazo watoto wengi wa ukoo hawajawahi kuziona kwa sababu wanatazama sura ya mfalme. Zile za Vita ya Pili, pamoja na Nyota ya Burma, Waingereza walizitoa bila jina.

Halafu kuna kipande, cheti cha usajili alicholazimishwa kubeba mfanyakazi Mwafrika. Sheria yake ilitungwa Kenya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha, hivyo askari na wapagazi waliorudi walipokewa na amri ya kuchukuliwa alama za vidole. Kilichukiwa, na kwa haki. Mwanasiasa Harry Thuku alipata wafuasi wengi kwa kukipinga. Lakini kwa mtafiti wa ukoo kinaeleza mengi: kabila, wilaya, chifu, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Barack Obama, katika kitabu chake cha 1995, anaeleza jinsi bibi yake wa Kogelo alivyomtolea kijitabu cha utumishi wa nyumbani cha babu yake, Hussein Onyango, kilichotolewa chini ya sheria ya 1928. Mzee huyo alikuwa mpishi, na katika Vita ya Pili alimfuata ofisa wa Kiingereza hadi ng'ambo. Ndani ya kijitabu mlikuwa na maneno ya waajiri wake, ya sifa na ya kukashifu, yaliyoandikwa na watu wasiodhani kwamba mjukuu angekuja kuyasoma.

Karatasi pia huumbua. Idi Amin alipenda kujisifu kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliingia KAR mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, tena kama msaidizi wa mpishi. Familia nyingi zina simulizi za namna hiyo, na hazitokani na uongo siku zote. Zaidi ya Waafrika Mashariki 300,000 walitumika katika vita hivyo, Ethiopia, Madagaska, Mashariki ya Kati na Burma. Mzee aliyerudi akasema "tulikuwa Burma" huenda alikuwa akisema habari za kikosi chake. Kulinganisha tarehe ya kuandikishwa na safari za kikosi ni kazi isiyokwepeka, hata kama inamkera mjomba.

Kuna watu ambao kwao nyaraka hizi ni uhai. Wanubi wa Kibra, Nairobi, ni wazao wa wanajeshi wa Kisudani waliotumikia Waingereza na kupewa makazi pembeni mwa mji. Eneo lilitangazwa rasmi kuwa la kijeshi mwaka 1918, na aliyetaka kukaa humo alihitaji kibali cha KAR. Serikali ya kikoloni haikuwapa hati, na baada ya uhuru walihesabiwa kama wageni walipoomba vitambulisho. Kibali cha babu kilitunzwa kwa sababu ndicho kilichoonyesha jinsi mjukuu alivyofika Nairobi. Hati ya ardhi ya jumuiya, ya ekari 288, waliipokea mwaka 2017.

Wanaokosekana zaidi ni wapagazi. Mamia ya maelfu walichukuliwa kubeba risasi na vyakula kutoka Voi hadi Msumbiji, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Sanamu za askari zilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka 1928, nzuri kwa ufundi, na hazina jina hata moja. Maofisa wa enzi hiyo waliona mnara wa pamoja ungewatosha Waafrika. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Tofauti na Vita ya Pili ni kubwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, zaidi ya 600 kati yao wakiwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari ndiyo kaburi lao, lakini majina yao yamo kwenye mnara wa makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na mjukuu anaweza kwenda kuyasoma.

Hata majina ya Vita ya Kwanza hayajapotea yote. Januari 2025 ulifunguliwa Cape Town mnara wenye majina 1,772 ya watu wa Afrika Kusini, wengi wao weusi, waliokufa katika vikosi vya kazi barani Afrika, majina yaliyookotwa kutoka katika karatasi za zamani. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti, na kuitafuta hakulipiwi. Kwa hiyo msomaji mwenye mzee aliyewahi kuwa askari au mpagazi na aanze wiki hii: aandike majina yake yote, kijiji, mkubwa wa kambi anayekumbukwa na nchi alizozitaja, apige picha ukingo wa medali na kila ukurasa wa kipande, kisha nakala azigawe kwa ndugu wasiopungua wawili, wanaokaa nyumba tofauti.