Kanisa la Inglesham

Mto Thames, kabla haujawa mto mkubwa upitao London, ni kijito kitulivu katikati ya malisho. Kando yake, karibu na mji mdogo wa Lechlade nchini Uingereza, limesimama kanisa la mawe la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, katika mahali paitwapo Inglesham. Kijiji kilichokuwapo zamani kimetoweka. Zimebaki nyumba chache tu.

Ukiingia humo, msomaji wangu, usitazamie fahari. Sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 13, lakini kuna jiwe moja la kale zaidi, la enzi ya Wasaksoni, lililochongwa sanamu ya Mariamu na Mtoto. Jiwe hilo lilikaa nje muda mrefu, hata watu wakalichora mistari ili wapate kujua saa kwa kivuli cha jua! Kuta nazo zilipambwa kwa picha. Katika karne ya 16, Kanisa la Uingereza lilipojitenga na Roma, picha makanisani zilifunikwa kwa chokaa, na baadaye maneno ya Biblia yakaandikwa juu yake. Kila kizazi kikaongeza rangi yake, hata mahali pengine pana tabaka 7.

Katika karne ya 19 ilizuka bidii kubwa ya kutengeneza makanisa ya kale. Walioifanya kazi hiyo hawakuwa waharibifu kwa nia. Walikuwa wacha Mungu, na mapaa yalikuwa yakivuja kweli. Walakini wengi wao waliona kwamba kilichokuwa halali ni cha karne za kati tu. Basi wakabandua lipu pamoja na picha zake, wakang'oa viti vya mababu zao, wakatia madirisha mapya yaliyoiga ya kale. Kanisa likatoka safi, nalo limepoteza habari za miaka 300.

Aliyeondoka kuwapinga ni William Morris, mshairi na fundi wa mapambo. Mwaka 1877 yeye na rafiki zake waliunda chama cha kuhifadhi majengo ya kale. Hoja yao ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kutenda: ziba tundu la paa mapema, tegemeza ukuta unaoinama, kisha uzuie mkono wako. Morris alikuwa na nyumba Kelmscott, si mbali na Inglesham, akalipenda kanisa lile, ingawa hakuwa mshika dini. Kwa juhudi na msaada wake lilitengenezwa mwaka 1888 na 1889, chini ya msanifu J. T. Micklethwaite. Viti vya mbao vilivyozungushiwa kuta kama visanduku viliachwa palepale, lipu pia.

Baadaye waumini walipungua, na jengo lisilo na watu huoza upesi. Mwaka 1969 uliundwa mfuko, kwa fedha za Serikali na za Kanisa, wa kutunza makanisa ya namna hiyo, nao ndio unaolilinda Inglesham.

Shida moja haijaisha. Fundi akitaka kuifikia picha ya chini kabisa, hana budi kuziharibu zilizo juu yake. Kwa hiyo utaona ukutani herufi za andiko moja zikipita juu ya jingine, na rangi nyekundu ya zamani ikichungulia kati yake.