Mgunda Mkali na Utulivu wa Pori: Uwindaji katika Nyanda za Kati

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 ulipita Ugogo, ambako watemi walidai hongo zao. (Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa njia, maana ya rushwa haijatawala bado.) Baada ya Ugogo ilifuata nyika ndefu, kavu, yenye vijiji vichache mno, nayo ikiitwa Mgunda Mkali. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wapagazi waliipita kwa terekeza, yaani mwendo wa alasiri uliokusudiwa kuyawahi maji ya kesho yake. Kwa mfanyabiashara nyika hiyo ilikuwa hasara tupu. Mwindaji aliiona kwa jicho jingine: pasipo moshi wa jiko wala kengele za ng'ombe, ndipo tembo, faru na twiga walipotulia.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa. Mgunda, katika Kigogo na lugha kadhaa za jirani, ni shamba. Pori lililosemwa kuwa tupu lilibeba, basi, jina la ardhi ya jembe. Jina peke yake si ushahidi wa kilimo cha kale, lakini linamzuia mtu asiharakishe kusema kwamba nyika ile haikuwa na wenyewe. Na katika karne hiyohiyo Wakimbu walifyeka misitu na kujenga humo, kama pale Jiwe la Mkoa.

Utulivu wa mapori ya nyanda hizi una tarehe zake. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe. Malisho yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliua na kutawanya watu wengi. Kisha utawala wa Uingereza ukawahamisha watu wa magharibi ya nyanda hizi na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale, na Rungwa ikawa pori la akiba mwaka 1951. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwatoa Wagogo katika tembe zao zilizotawanyika na kuwaweka vijijini. Kila mara watu walipoondolewa mahali, mnyama alirudi, na nyuma ya mnyama akaja mwindaji, akipasifu mahali hapo kwa upweke wake.

Serikali ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Pori likagawanywa kuwa vitalu vinavyokodishwa kwa kampuni, na mgeni kutoka Ulaya au Marekani hulipa fedha nyingi ili awinde pasipo bunduki nyingine kusikika. Kitalu katika kamusi za zamani ni ukuta wa mawe, ua, au bustani iliyozungushiwa. Mkulima wa leo hulijua kuwa mahali pa kukuzia miche. Si neno baya kwa kazi hii. Anachonunua mgeni ni ua: haki ya kuwa peke yake.

Tatizo linaonekana wazi zaidi kaskazini, kati ya mto Bubu na mto Mponde, katika nchi ya Wasandawe. Hawa waliwinda kwa upinde na mshale wenye sumu. Sumu haiui papo hapo. Mnyama hufuatwa nyayo kwa muda mrefu, na mbwa wa mtu mwingine au kundi la mbuzi likipita laweza kuharibu kazi ya siku nzima. Utulivu kwao haukuwa anasa, ulikuwa sehemu ya silaha. Picha za wanyama na watu katika miamba ya Kolo, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2006, zaonyesha jinsi uwindaji ulivyo wa kale katika eneo hili.

Leo Pori la Akiba la Swagaswaga liko jirani na Usandawe. Sheria ya mwaka 2009 yataka leseni na yakataza sumu. Msandawe anayeingia humo na upinde wake huitwa jangili, neno ambalo mwindaji mwenye kitalu haitwi.