Vitambaa vya Zawadi: Pamba na Sindano Kasese na Bwera

Katika sebule nyingi za Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, mgeni hukuta vitambaa kabla hajakuta kitu kingine. Kimoja kimetandikwa mezani, vingine vimelazwa migongoni mwa makochi, kimoja kinafunika televisheni mahali pale pale kilipofunika redio zamani, na kingine huletwa jikoni kikiwa juu ya sinia la chakula. Vingi havikununuliwa vikiwa tayari. Vilikatwa, vikashonwa pindo, vikadariziwa au kufumwa kwa mkono, halafu vikatolewa zawadi kwa bibi harusi, kwa mzazi aliyejifungua au kwa mwalimu anayehamishwa. Vikichafuka hufuliwa na kupigwa pasi, vikichakaa huwa vitambaa vya kushikia sufuria. Vinaonekana kama mila ya tangu na tangu, lakini umri wao hauzidi sana miaka mia moja.

Kabla ya hapo nyumba ya Mkonzo ilipambwa kwa vitu vya kusuka, si vya kushona. Wakonzo, wenyeji wa eneo hili, walikaa kwenye miteremko ya Rwenzori, mlima ambao kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, na baridi ya huko juu ndiyo iliyoamua mavazi yao. Harry Johnston, kamishna maalumu wa Uingereza aliyepita Uganda mwaka 1899 hadi 1901, aliandika kuhusu majoho ya manyoya ya pimbi na ya nyani waliyovaa. Ngozi ya pimbi mmoja ni ndogo mno kumsitiri mtu mzima, kwa hiyo joho kama hilo lilitaka ngozi nyingi ziunganishwe. Kushona basi hakukuwa kugeni, kugeni kulikuwa kushonea nyumba. Mkeka, kikapu cha kupelekea ulezi na ungo ndivyo vilivyokuwa vyombo, na ndivyo vilivyopelekwa kwa jirani mwenye shughuli. Vikapu vya Bukonzo, vilivyosukwa kwa mzunguko na kutiwa rangi za mimea, bado vinatafutwa hadi leo.

Nguo ya pamba ilitangulia kufika eneo hili ikiwa fedha. Mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, na misafara iliyomfuata kutoka Zanzibar ilileta shanga, bunduki na merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa kilichopata jina kwa Wamarekani walioanza kukiuza pwani. Upande wa Kasese bidhaa iliyovuta wafanyabiashara ilikuwa chumvi ya ziwa Katwe, mali iliyopiganiwa na falme za jirani kiasi kwamba mwaka 1891 Frederick Lugard alijenga ngome hapo na kuiita Fort George. Kipande cha merikani kilichopatikana kwa chumvi kilivaliwa, kilitunzwa au kilibadilishwa tena. Hakuna ambaye angekikata kufunikia meza, na kwa kweli hapakuwa na meza.

Meza na kitambaa chake vililetwa na misheni. Mwaka 1900 wamisionari wawili wa kike wa Kianglikana, Ruth Hurditch na Edith Pike, walifika Kabarole, makao makuu ya ufalme wa Toro, wakaanza kuwafundisha wanawake na wasichana. Kushona kulikuwa somo la kawaida katika kazi ya namna hiyo, sambamba na kusoma. Nyuma ya somo hilo kulikuwa na picha kamili ya nyumba ya Kikristo kama Uingereza ya Malkia Victoria ilivyoielewa: kitanda chenye shuka nyeupe, mto wenye foronya, kitambaa juu ya kila kitu kinachoweza kupata vumbi. Jumuiya ya Mothers' Union, iliyoanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, iliieneza picha hiyo kwa wanawake walioolewa kanisani. Ni rahisi kuicheka leo, lakini wanawake waliipokea kwa sababu zao wenyewe. Kazi ya sindano ilihitaji mtaji mdogo, ilifanyika hata mtu akiwa amekaa na mtoto, na iliacha kitu cha kuonyesha.

Wakonzo waliipata kwa kuchelewa. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka chini ya mfalme wa Toro, na shule zilizofuata zilijengwa zaidi karibu na Kabarole kuliko miteremkoni. Uchache wa shule na nafasi za masomo ulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu la kujitenga na Toro mwaka 1962, chini ya uongozi wa Isaya Mukirane. Kwa hiyo wakati binti wa Kabarole alijifunza kudarizi darasani, mwenzake wa Bwera mara nyingi alijifunza kwa jirani, kwa mke wa katekista au kwenye kikundi cha akina mama baada ya ibada. Elimu ya namna hii haina daftari, na ndiyo maana ni vigumu kuifuata mwaka kwa mwaka.

Pamba yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa zao la nchi. Mwaka 1903 Kristen Borup wa Uganda Company aliingiza mbegu zilizogawiwa kwa machifu wa Buganda, na kutoka huko kilimo kikaenea. Nyanda za joto zilizo chini ya Rwenzori ziliifaa pamba, huku kahawa ikichukua miteremko. Wakulima wa Kasese wakaja kuwa na chama chao kikuu cha ushirika, Nyakatonzi, chenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Hata hivyo kuchambua si kufuma nguo. Nyuzi zilifungwa robota zikasafirishwa, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya pamba ya Uganda iliishia Bombay na Japani, kisha majora yakarudi kuuzwa kwa wale wale waliolima. Mabadiliko yalikuja pale bwawa la Owen Falls lilipoanza kutoa umeme mwaka 1954 na kiwanda cha Nyanza Textile, kinachojulikana zaidi kwa jina la Nytil, kikasimama Jinja. Tangu hapo mke wa mkulima wa Kasese aliweza kununua shuka iliyofumwa nchini mwake, ingawa kilomita mia kadhaa kutoka kwake.

Mwaka 1956 ulikuwa wa maana kuliko yote kwa mji wa Kasese. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka huo, na mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza uzalishaji. Wafanyakazi walitoka kila pembe ya nchi na ng'ambo ya mipaka, wakapewa nyumba za kampuni zenye madirisha yanayotaka mapazia na vyumba vinavyotaka kupambwa. Mshahara wa mwezi uliwezesha kununua kitu kisicho cha lazima. Mbele ya maduka ya Wahindi walikaa mafundi wenye cherehani za kukanyaga kwa mguu, mandhari iliyojulikana katika kila mji mdogo wa Afrika Mashariki, na chini ya kila cherehani palijaa vipande. Fundi barazani alikuwa kwa kawaida mwanamume, na kazi yake ilikuwa gauni, suruali na gomesi, vazi refu la wanawake la Uganda. Kitambaa cha meza kilikuwa cha wanawake na kilishonwa nyumbani. Mgawanyo huo ulidumu muda mrefu, na unaeleza kwa nini historia za ushonaji huwakumbuka mafundi na kuwasahau wadarizi.

Kazi ya kudarizi ilikuwa na utaratibu ambao haukubadilika sana. Kitambaa cha poplini au merikani kilifuliwa kwanza ili kirudi mapema, kisizue mikunjo baada ya kupambwa. Ua, ndege au jozi ya njiwa ilichorwa kwa karatasi ya kaboni kutoka kwenye kielelezo kilichopita mikono mingi, au ilichorwa moja kwa moja kwa penseli na yule mwenye mkono mwepesi, ambaye kila kikundi kilikuwa naye. Kitambaa kilibanwa kwenye fremu mbili za duara zinazoingiana. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, na msichana alifundishwa kuzitenganisha na kutumia mbili au tatu, kwa sababu zote sita hufanya ua liwe zito na uzi uishe upesi. Mashina yalishonwa kwa mshono unaopandana, mipaka kwa mshono wa mnyororo, majani yalijazwa kwa mishono iliyolala sambamba. Upande wa nyuma ndio uliokuwa mtihani. Bibi aliyepokea kitambaa alikigeuza kabla ya kukisifu, na mafundo yaliyotapakaa nyuma yalimtangaza mshonaji mvivu hata kama mbele pamependeza.

Foronya na mashuka yaliandikwa maneno: salamu za usiku mwema, aya ya Biblia, majina ya maharusi. Kufuma kwa kulabu kulifuata njia nyingine, maana hakukuhitaji kitambaa, bali uzi tu. Duara dogo lilianzwa katikati na kuongezwa mzunguko baada ya mzunguko, kisha vitambaa kamili vya seti ya makochi vilikamilishwa kwa miezi, na kulowekwa katika uji mwepesi wa wanga ili visimame. Kwa msichana aliyeposwa, seti hiyo ilikuwa hazina anayoijenga polepole.

Hapa panafaa kulinganisha na pwani. Katika ndoa za Waswahili, nguo imo ndani ya madai yenyewe: mkaja na ubeleko hutolewa kwa mama wa bibi harusi kukumbuka tumbo alilolifunga baada ya kuzaa na mgongo uliombeba mtoto. Huko Rwenzori mahari ya Kikonzo huhesabiwa kwa mbuzi, na mazungumzo yake ni ya wanaume wa pande mbili. Kitambaa kilichodariziwa hakihesabiwi popote. Hakidaiwi, hakirudishwi ndoa ikivunjika, na hutoka kwa mama, shangazi, dada na marafiki. Kwa maana hiyo kilikuwa sehemu ya sherehe ambayo wanawake waliimiliki bila kuulizwa na mtu.

Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia, wakiwemo Wahindi wenye maduka, siku 90 kuondoka nchini. Maduka yalibadilisha wenyewe, viwanda vikakosa vipuri, na mwishoni mwa muongo huo jora la kitambaa likawa bidhaa ya magendo. Kwa Bwera, iliyo karibu na mto Lubiriha unaoitenganisha na Kongo, hali ilikuwa na upande wa pili. Wanande wa ng'ambo ni ndugu wa Wakonzo, lugha zao zinasikilizana, na mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji haukuwahi kuzuia watu kwenda msibani au sokoni. Kahawa ilivuka kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, vitenge vikavuka kuja. Kuanzia hapo kitenge, chenye rangi nyingi na kisichohitaji kudariziwa, kilianza kuingia mahali pa shuka nyeupe. Soko la Mpondwe, linalojaa watu Jumanne na Ijumaa, limebaki hadi leo mlango mkubwa wa vitenge vinavyopitia Kongo, vikiwemo vya wafanyabiashara wa Butembo, mji wa Kongo, wanaoagiza kutoka Asia.

Mgodi wa Kilembe ulisimama miaka ya mwanzo ya 1980, na mishahara ikaenda nao. Muongo uliofuata uliruhusu biashara huria: ukiritimba wa bodi ya pamba, uliokuwepo tangu 1949, ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1994, mitumba ikafurika, na vitambaa vya nailoni vya kiwandani vikauzwa kwa bei ambayo mdarizi hangeweza kushindana nayo. Kudarizi kwa mkono kulipungua sana. Kufuma kulistahimili zaidi, labda kwa sababu uzi unauzwa kidogo kidogo.

Kazi iliyochukua nafasi ni ya cherehani na kitenge: mifuko ya sokoni, foronya za mito ya makochi, aproni, vifuniko vya chakula. Serikali ilitangaza kupiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2007, na ingawa utekelezaji ulilegea, mfuko wa kitenge ulipata sababu mpya ya kuwepo. Ujuzi ule ule ulitumika kwa taulo za hedhi za kufuliwa, ambazo kampuni ya AFRIpads ilianza kuzitengeneza Uganda mwaka 2010 na ambazo wasichana katika shule nyingi nchini hufundishwa kujishonea. Mwaka 2020, barakoa zilipokuwa lazima, mabaki ya vitenge yaliyokuwa yakitupwa yaligeuka mali kwa majuma kadhaa. Kwa watalii wanaopita kwenda Rwenzori au hifadhi ya Queen Elizabeth, mfuko wa namna hiyo huuzwa pamoja na kikapu, na wengi hawajui kwamba kikapu ni cha kale na mfuko ni wa juzi. Pamba ya Kasese bado huchambuliwa na nyingi yake kusafirishwa ikiwa robota, ilhali kitenge cha mfuko huo mara nyingi kimefumwa Asia.