Mfereji wa Nyongo Ulioziba

Twakumbuka ya kuwa Daktari Baxter alipofika Mpwapwa mwaka 1878, hapakuwa na mganga popote duniani awezaye kuufungua mfereji wa nyongo kwa njia ya kinywa. Mfereji huo watoka katika ini hata utumboni. Ukizibwa na jiwe au uvimbe, nyongo hurudi damuni. Ndipo macho huwa manjano, mkojo mweusi, choo cheupe, na mwili huwasha.

Mwaka 1979 Soehendra wa Hamburg, Ujerumani, alieleza jinsi ya kupitisha bomba dogo kinywani hata mferejini, nyongo ikashuka. Lakini pengine uvimbe huuziba hata mlango wa mfereji. Basi mwaka 2001 Giovannini wa Marseille, Ufaransa, alieleza njia ya pili: chombo kionacho kwa mwangwi wa sauti huuonyesha mfereji nyuma ya ukuta wa utumbo, mganga huutoboa ukuta, akatia bomba.

Bomba haliponyi saratani, ila hupunguza taabu. Wala kuchelewa hakufai. Leo Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Basi tuonapo macho ya manjano, tusikae nyumbani na dawa za mizizi. Twende upesi tukapimwe.