Chuma cha Kununua, Mpini wa Kuchonga

Tezo ikiwekwa mezani mbele ya mtu asiyeijua, atatazama chuma. Fundi atatazama mpini. Chuma kinaweza kununuliwa, kurithiwa au kung'olewa kwenye gari bovu, lakini mpini huchongwa na mwenyewe, kwa urefu wa mkono wake na kwa namna anavyosimama kazini. Chuma kutoka kwingine, mti kutoka mkononi mwa fundi: hivyo ndivyo useremala wa pwani yetu ulivyoendeshwa kwa karibu miaka 2,000, na historia hiyo haijapewa heshima yake. Yameandikwa mengi kuhusu milango ya Unguja na Lamu, na kuhusu majahazi pia. Kuhusu watu waliotengeneza zana kwanza, ndipo wakatengeneza mlango, yameandikwa machache mno.

Ushahidi wa mapema umo katika Periplus ya Bahari ya Erythraea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Mwandishi wake anataja soko la Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na bidhaa zilizopelekwa huko kutoka Muza, bandari ya Yemen: mikuki, vishoka, visu na vyuma vidogo vya kutobolea. Anataja pia vyombo vya bahari vya wenyeji, vilivyoshonwa kwa kamba. Taarifa hizo mbili zisomwe pamoja. Chombo cha kushona hutaka matundu kila ubao unapokutana na mwenzake, kuanzia omo hadi tezi. Kwa hiyo naona wazi kwamba waliovinunua vyuma vile vya kutobolea walikuwa mafundi waliojua wanachokitaka, na mipini ya kuvitia walikuwa nayo tayari.

Baadaye chuma chenyewe kikafuliwa hapa hapa. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba amechunguza mabaki ya uhunzi wa kale kwenye pwani ya Kenya, likiwemo eneo la Galu, kusini mwa Mombasa, ambako chuma kiliyeyushwa. Mwanajiografia al-Idrisi, akiandika mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma. Naye Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila shoka, tezo na patasi, na patasi haidumu bila mhunzi wa karibu wa kuifua upya inapokwisha.

Zana ninayoipenda kuliko zote katika historia hii ni keekee. Edward Steere, askofu wa Kiingereza aliyeishi Unguja, aliorodhesha sehemu zake katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Keekee ni chuma chenyewe kinachotoboa. Msukano ni mti unaokishika chuma hicho. Jivu ni kishikio cha juu ambamo msukano huzunguka, na uta ni upinde unaouzungusha. Sehemu tatu kati ya hizo nne ni mti. Mhunzi alitoa ncha tu, na seremala akajitengenezea mashine.

Naiita mashine kwa makusudi. Kamba ya uta huzungushwa mara moja kwenye msukano. Mkono mmoja hugandamiza jivu, mwingine husukuma na kuvuta uta, na msukano huzunguka kwenda na kurudi. Kwa kuwa mzunguko hubadilika kila uta unapogeuka, ncha lazima ikate pande zote mbili. Ndiyo maana hufuliwa bapa, mfano wa ncha ya mkuki, na kunolewa kulia na kushoto. Msukano nao huchongwa kwa mti mgumu, ulionyooka, usio na fundo. Ukipinda hata kidogo, ncha hutetemeka, tundu hupanuka, na tundu lililopanuka kwenye ubao wa chombo ni mlango wa maji. Kamba ikilegea huteleza, ikikazwa mno msukano hukwama. Fundi mzoefu huiacha ilegee kidogo, kisha huikaza kwa vidole vyake kazi ikiwa inaendelea. Hakuna anayeweza kukuuzia kipimo hicho.

Mtepe, chombo cha kushonwa cha visiwa vya Lamu kilichoendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulitegemea matundu ya aina hiyo kutoka mkuku hadi ukingoni. Misumari ilipochukua nafasi ya kamba za makumbi, keekee haikustaafu. Mbao ngumu kama mbambakofi hupasuka zikipigiliwa msumari bila kutobolewa kwanza. Tundu likawa jembamba kuliko msumari, na msumari ukaviringishiwa pamba iliyotiwa mafuta ili uzibe njia yake mwenyewe.

Bara, mpini wenyewe ulibuniwa kwa akili nyingine. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kati, shoka halina tundu la kuingizia mpini. Mpini ndio wenye tundu. Mti huchaguliwa ukiwa na kichwa kinene, mara nyingi pale shina linapokutana na mzizi au tawi, kwa sababu nyuzi za hapo zimesokotana na hazipasuki upesi. Kichwa hutobolewa, na mkia mwembamba wa chuma hupenyezwa ndani yake. Kila pigo hukisukuma chuma kizidi kukaza, kwa hiyo hakihitaji kabari wala msumari. Kizuri zaidi, chuma kikichomolewa na kugeuzwa robo ya duara, shoka linakuwa tezo. Mtu mmoja mwenye chuma kimoja anaangusha mti, kisha anauchonga. Ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi aishike zana hiyo kabla ya kuambiwa kwamba ubunifu huja na chombo cha umeme.

Zana nyingine za seremala zilifuata njia hiyo hiyo. Randa ilikuwa gogo la mti mgumu lililochongwa na kutobolewa, likapachikwa chuma na kabari. Timazi ilikuwa uzi na kipande cha risasi. Kulainisha ubao kulifanywa kwa majani makavu ya msasa. Enzi ya ukoloni ilileta randa za chuma na patasi za viwanda vya Sheffield, pamoja na shule za ufundi kama ile ya Kabete, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1924. Waliosomea humo walizoea zana za orodha ya kiwanda. Wasiosoma, ambao ndio walikuwa wengi, waliendelea kuchonga.

Kisha likaja gari, na kwa seremala maskini hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko shule. Springi ya gari ni chuma cha pua chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, kiasi cha kutosha kushika makali, na hujaa tele pale gari linapokufa. Nondo ya ujenzi haifai kitu hapo kwa sababu kaboni yake ni kidogo, makali yake hulala upesi. Huko Gikomba na Kamukunji, Nairobi, na kwenye vibanda vya wahunzi kila mji wa Tanzania, springi hukatwa na kufuliwa juu ya mkaa unaopulizwa na feni ya ringi ya baiskeli. Patasi ikishapata umbo hupashwa moto hadi sumaku isiinase tena, yaani kupita nyuzi 770 hivi za Selsiasi, kisha huchovywa kwenye mafuta. Wanaochovya springi kwenye maji baridi mara nyingi huishia na ufa. Ikitoka kwenye mafuta ni ngumu lakini huvunjika ovyo, kwa hiyo hupashwa tena polepole mpaka sehemu iliyosuguliwa ionyeshe rangi ya nyasi kavu. Hapo ndipo inakuwa patasi.

Miaka ya 1980, Tanzania ilipokosa fedha za kigeni na rafu za maduka zikabaki tupu, ujuzi huo ndio uliowaweka maseremala kazini. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lilikuwapo, lakini patasi nyingi zilitoka kwa mhunzi wa mtaani. Wachongaji wa Kimakonde wanaujua ukweli huu kuliko wengi, kwa sababu mpingo, mti mzito unaozama majini, hula makali ya chuma laini mapema. Hujipatia chuma cha springi na kukitia mipini wenyewe, kila patasi na upana wake.

Leo madukani zimejaa patasi za bei nafuu zinazong'aa na kupinda, na keekee inatoweka mbele ya dreli ya betri. Siwalaumu mafundi wanaoichukua dreli, maana matundu ya jahazi zima kwa uta ni kazi inayochosha mabega. Ninachotaka ni vyuo vya ufundi stadi vimfundishe kijana kufua na kupasha patasi moja kabla ya kumkabidhi ya dukani, ili ajue kwa nini ile ya dukani inapinda.

Na kuna zana ambazo duka la vifaa vya ujenzi halijawahi kuziuza. Kwenye fukwe za Nungwi, Unguja, na Matondoni, Lamu, kalafati bado hupigwa kwa mkono: pamba iliyolowa mafuta husukumwa kwenye mwanya kati ya mbao kwa chuma butu na nyundo ya mti. Mwanya wa mashua ndogo si mwanya wa jahazi. Kwa hiyo fundi huchukua patasi iliyochakaa, huiondolea makali kwa tupa hadi iwe na unene anaouhitaji, na akimaliza chombo hicho hutengeneza nyingine.